Jina la Mahali kama Ufunguo wa Data: Lahajedwali, Vyanzo vya Nje na Mfano wa Kata ya Getanuwas

Ikisiri

Makala haya yanajadili uhusiano uliopo kati ya tahajia ya majina ya mahali na uunganishaji wa lahajedwali na vyanzo vya data vilivyo nje yake. Mfano unaotumika ni wa kata ya Getanuwas katika wilaya ya Hanang', mkoani Manyara, mahali ambapo lugha za Kinilotiki, Kikushi na Kibantu zinakutana. Inaoneshwa kwamba matoleo mbalimbali ya programu za lahajedwali yana kanuni tofauti za kulinganisha maneno. Kwa sababu hiyo, tofauti ndogo ya irabu, ya herufi kubwa au ya ritifaa inaweza kuiondoa kata nzima katika jedwali la wilaya au kuipa takwimu za kata nyingine. Inahojiwa kwamba tatizo hili ni la kiisimu kabla ya kuwa la kiufundi, na kwamba utatuzi wake haupaswi kuwa kuyabadilisha majina ya wenyeji.

1.0 Utangulizi

Lahajedwali ni programu ya kompyuta inayopanga data katika safu za ulalo na za wima na kuzifanyia hesabu. Katika ofisi nyingi za Tanzania hiki ndicho chombo cha mwisho ambamo takwimu hupita kabla ya kuingizwa katika taarifa. Data zenyewe, hata hivyo, mara nyingi hazizaliwi ndani ya lahajedwali. Zinatoka katika rejesta za zahanati, katika hifadhidata za taasisi, katika faili za sensa au katika mifumo ya mtandao. Lahajedwali inazipokea kwa kunakiliwa, kwa kuingizwa mara moja, au kwa kuunganishwa moja kwa moja na chanzo chake.

Fasihi ya kiufundi huchukulia kuwa uunganishaji huu ni suala la viendeshi, nywila na anwani za seva. Mtazamo huo ni sahihi kwa kiasi fulani tu. Baada ya mlango kufunguliwa na data kuingia, bado linabaki swali la msingi: safu hii ya jedwali la kwanza ni sawa na safu ipi ya jedwali la pili? Kinachojibu swali hilo ni ufunguo, yaani thamani inayopatikana katika majedwali yote mawili. Pale ambapo hakuna namba ya utambulisho iliyokubalika, ufunguo unaotumika ni jina la mahali. Jina la mahali ni tukio la kiisimu: lina matamshi, lina tahajia, lina historia na lina wenyewe.

Makala yamegawanyika katika sehemu sita baada ya utangulizi huu. Sehemu ya pili inaeleza mazingira ya kiisimu ya Getanuwas. Ya tatu inafuatilia mabadiliko ya matoleo ya lahajedwali. Ya nne inachambua aina za hitilafu. Ya tano inagusia mabadiliko ya mipaka ya utawala, ya sita istilahi za Kiswahili, na ya saba inatathmini njia za utatuzi.

2.0 Mazingira ya Kiisimu ya Getanuwas

Getanuwas ni mojawapo ya kata za wilaya ya Hanang', ambayo makao yake makuu yako Katesh, chini ya Mlima Hanang'. Kwa upande wa kaskazini wilaya hii inapakana na Mbulu. Eneo hili la Bonde la Ufa linajulikana miongoni mwa wanaisimu kwa sababu lugha za nasaba tofauti kabisa zinaishi bega kwa bega. Kidatooga, ikiwemo lahaja ya Wabarabaig, ni lugha ya Kinilotiki ya Kusini. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi ya Kusini. Kinyaturu ni lugha ya Kibantu. Wahadzabe wa Yaeda Chini, katika wilaya ya Mbulu, wanazungumza lugha yenye vidoko ambayo haijathibitishwa kuwa na ndugu. Juu ya lugha zote hizo kipo Kiswahili, lugha ya ofisi, ya shule na ya rejesta.

Jina linalotoka katika lugha mojawapo kati ya hizo huandikwa na karani aliyejifunzia kuandika kwa Kiswahili. Hapo ndipo fonolojia inapoingia. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, ilhali majina mengi ya Hanang' huishia kwa konsonanti. Mwandishi anayeyasikia majina hayo kwa sikio la Kiswahili huelekea kuongeza irabu mwishoni, kama Kiswahili kilivyofanya kwa maneno ya mkopo kama basi na benki. Ndiyo maana Endasak huonekana pia kama Endasaki, na Katesh kama Kateshi. Kwa mantiki hiyohiyo Getanuwas inaweza kuandikwa Getanuwasi.

Tofauti nyingine zinahusu urudufishaji wa konsonanti na uwakilishi wa viyeyusho. Basotu huandikwa pia Bassotu. Giting huandikwa pia Gitting. Simbay huwa Simbai, na ng'ambo ya mpaka, Haydom huwa Haidom. Jina la wilaya yenyewe lina sura mbili: Hanang na Hanang'. Kwa kanuni za tahajia ya Kiswahili ritifaa hapa si pambo, kwa kuwa huonesha kwamba sauti ya mwisho ni nazali ya kaakaa laini.

Kiiraqw kinaongeza ugumu wa aina nyingine. Kama inavyooneshwa katika sarufi ya Maarten Mous iliyochapwa mwaka 1993, lugha hii ina sauti za koromeo, sauti za kidakatonge na vitambaza ambavyo Kiswahili hakina. Katika maandishi yake zinatumika herufi na miungano kama q, x, hh, sl na tl, na alama ya mkwaju (/) hutumika kama herufi kamili inayowakilisha sauti ya koromeo yenye ghuna. Majina ya kata kama Masqaroda katika Hanang' na Tlawi katika Mbulu yanabeba alama za mfumo huo hadi katika nyaraka za serikali.

Ni dhahiri basi kwamba msomaji binadamu hana shida. Anayeijua wilaya anasoma Endasak na Endasaki na kuelewa kuwa ni mahali pamoja. Mashine haina ujuzi huo, nayo hulinganisha mifuatano ya alama tu. Namna inavyoilinganisha imebadilika toleo hadi toleo.

3.0 Lahajedwali na Vyanzo vya Nje: Mabadiliko ya Matoleo

Katika programu ya Excel, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi, historia ya uunganishaji na vyanzo vya nje inaweza kugawanywa katika vipindi vitatu.

Kipindi cha kwanza ni cha miaka ya 1990. Kiwango cha ODBC, kilichotolewa mwaka 1992, kiliziwezesha programu tofauti kuzungumza na hifadhidata tofauti kwa kutumia viendeshi. Excel 5, ya mwaka 1993, ilikuja na Microsoft Query, chombo kilichomwezesha mtumiaji kuuliza hifadhidata kwa lugha ya SQL na kurejesha majibu ndani ya laha. Laha ya wakati huo ilikuwa na safu za ulalo 16,384. Kuanzia Excel 97 hadi Excel 2003 safu hizo zilifikia 65,536.

Kipindi cha pili kinaanza na Excel 2007. Muundo mpya wa faili, xlsx, uliongeza safu hadi 1,048,576. Injini ya hifadhidata iliyoitwa Jet iliachiwa nafasi na ile iliyoitwa ACE, hivyo maelekezo ya muunganisho yaliyoandikwa kwa Jet yalihitaji kuandikwa upya. Mwaka 2010 Office ilitolewa kwa mara ya kwanza katika namna mbili, ya biti 32 na ya biti 64. Jet haikuwahi kuwa na kiendeshi cha biti 64. Kitabu cha kazi kilichokuwa kikisoma faili ya mdb bila tatizo kiliweza kushindwa kabisa katika kompyuta mpya, ingawa faili na chanzo vilikuwa vilevile.

Kipindi cha tatu ni cha Power Query. Chombo hiki kilitolewa mwaka 2013 kama nyongeza ya Excel 2010 na 2013, kisha kikawa sehemu ya programu yenyewe katika Excel 2016. Kinaweza kusoma faili za matini, hifadhidata, kurasa za mtandao na majibu ya mifumo ya mtandao, na huhifadhi hatua za usafishaji ili zirudiwe kila data zinapohuishwa. Excel 2003 haiwezi kufungua kazi ya aina hiyo.

Hasara ya kuchanganya vipindi hivi imewahi kuonekana waziwazi mbali na Afrika Mashariki. Uingereza, kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, visa 15,841 vya ugonjwa wa UVIKO-19 havikuingia kwa wakati katika taarifa za kila siku. Sababu ilikuwa kwamba matokeo ya maabara, yaliyotumwa kama faili za matini, yaliingizwa katika muundo wa zamani wa xls wenye kikomo cha safu 65,536. Safu zilizozidi ziliachwa bila onyo. Ufuatiliaji wa watu waliokutana na wagonjwa hao ulichelewa.

Kata kama Getanuwas haitafikia kikomo hicho cha safu. Hatari yake ni ya namna nyingine, na ni ya kimyakimya zaidi.

4.0 Pale Jina Linapokuwa Ufunguo

4.1 Irabu moja na kata mbili

Kitendakazi VLOOKUP ndicho kinachotumiwa mara nyingi kuleta thamani kutoka jedwali jingine. Kina hoja nne, na ya nne hueleza kama ulinganishi uwe kamili au wa kukadiria. Mtumiaji akiiacha hoja hiyo wazi, programu huchukua ulinganishi wa kukadiria. Katika ulinganishi huo jedwali linachukuliwa kuwa limepangwa kialfabeti, na jina lisipopatikana programu hurudisha la karibu linalotangulia.

Mfano ufuatao ni wa kueleza tu. Tuseme jedwali la chanzo lina kata sita kwa mpangilio huu: Gehandu, Gendabi, Getanuwas, Gidahababieg, Gisambalang, Gitting. Karani akitafuta Getanuwasi, jina linalotangulia kwa ukaribu ni Getanuwas, na jibu litakuwa sahihi kwa bahati. Karani akitafuta Gitanuwas, yaani akiweka irabu i mahali pa e, jina linalotangulia kwa ukaribu ni Gisambalang. Getanuwas itapewa takwimu za Gisambalang bila alama yoyote ya kosa. Mambo yakigeuzwa, chanzo kikawa na Getanuwasi na karani akatafuta Getanuwas, jibu litatoka Gendabi.

Kitendakazi kipya, XLOOKUP, kinachopatikana katika Microsoft 365 na Excel 2021, kinaanza na ulinganishi kamili. Kwa hiyo kazi ileile, kwa data zilezile, itatoa takwimu za kata nyingine katika toleo la zamani na alama ya kosa katika toleo jipya. Alama ya kosa ni bora, maana inamfanya mtu asimame na kuuliza. Hata hivyo, tangu Excel 2007 kipo kitendakazi IFERROR ambacho hutumiwa na wengi kugeuza alama hiyo kuwa sifuri ili jumla isiharibike. Hapo kata iliyokosa kutambuliwa inageuka kuwa kata isiyokuwa na kitu. Kisemantiki tofauti ni kubwa: "haijulikani watoto wangapi wamechanjwa" si sawa na "hakuna mtoto aliyechanjwa". Msomaji wa jedwali la mwisho hana njia ya kuzitenganisha kauli hizo mbili.

4.2 Herufi kubwa na herufi ndogo

VLOOKUP haitofautishi herufi kubwa na ndogo. GETANUWAS, Getanuwas na getanuwas ni jina moja kwake. Injini ya Jet nayo ina tabia hiyo. Power Query, kinyume chake, hutofautisha. Ofisi inayohamia toleo jipya na kujenga upya muungano wake inaweza kukuta kwamba kata zilizokuwa zikioana kwa miaka mingi zimeacha kuoana, kwa sababu tu upande mmoja uliandika majina kwa herufi kubwa.

Tofauti hii ina upande wa pili. Mfumo wa DHIS2, ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania kukusanya takwimu za MTUHA kutoka vituo vya afya, humpa kila mwanachama wa muundo wake, ikiwemo wilaya na kituo, utambulisho wa alama 11. Katika utambulisho huo herufi kubwa na ndogo ni alama tofauti. Kitendakazi kisichozitofautisha kinaweza, kinadharia, kuvichukua vitambulisho viwili kuwa kimoja. Hivyo kanuni inayosaidia pale ufunguo ni jina huleta madhara pale ufunguo ni utambulisho wa mashine.

Aidha, namna ya muungano inatofautiana. Microsoft Query huanza na muungano wa ndani, ambao hubakiza safu zilizopata mwenza pande zote mbili tu. Power Query huanza na muungano wa nje wa kushoto, ambao hubakiza safu zote za jedwali la kwanza na kuacha tupu pale mwenza asipopatikana. Kwa njia ya kwanza Getanuwas isiyooana inatoweka katika jedwali. Kwa njia ya pili inabaki, ikiwa na nafasi tupu inayodai maelezo.

4.3 Ritifaa na mkwaju

Jina la Hanang' linastahili uchunguzi wa peke yake. Ritifaa huandikwa kwa alama mbili tofauti katika kompyuta: alama iliyonyooka ya kibodi, na alama iliyopinda ambayo programu za kuandikia matini huiweka zenyewe. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa mashine ni alama mbili zenye misimbo tofauti, na majina yanayozibeba hayalingani. Faili ya matini iliyohifadhiwa kwa msimbo wa UTF-8 ikifunguliwa kama msimbo wa zamani wa Windows, ritifaa iliyopinda hugeuka kuwa alama tatu zisizo na maana, na jina huwa Hanang’.

Katika SQL hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa ritifaa iliyonyooka ndiyo inayofungua na kufunga matini. Sharti linaloandikwa wilaya = 'Hanang'' linaiacha matini bila kufungwa na swali zima linakataliwa. Inabidi ritifaa ya jina irudiwe mara mbili, yaani 'Hanang''', ili injini ielewe kwamba ni sehemu ya neno. Mtaalamu asiyejua kwamba ritifaa ni sehemu ya tahajia ya Kiswahili huifuta ili kazi iendelee. Hivyo ndivyo sharti la mashine linavyogeuka kuwa kanuni ya tahajia bila mjadala wowote wa wanalugha.

Mkwaju wa Kiiraqw unakutana na kikwazo mapema zaidi. Katika Excel, ukibonyeza mkwaju mwanzoni mwa kisanduku programu haiandiki herufi, bali hufungua menyu. Ni urithi wa Lotus 1-2-3, lahajedwali ya mwaka 1983. Mtafiti anayeandaa orodha ya maneno ya Kiiraqw hulazimika kubadili mpangilio huo kabla ya kuandika neno linaloanza na sauti hiyo. Wala hawezi kuliita faili kwa neno lenye mkwaju, kwa kuwa alama hiyo imetengwa kwa ajili ya njia za faili.

4.4 Namba na tarehe

Hitilafu hizi haziishii kwenye majina. Kiendeshi cha Jet, kinaposoma laha kama chanzo cha data, hukisia aina ya safu ya wima kwa kuangalia safu za ulalo nane za mwanzo. Zikiwa nyingi kati yake ni namba, matini inayofuata katika safu hiyo inaweza kusomwa kama tupu. Msimbo wa kitongoji ulioandikwa 12A baada ya misimbo minane ya tarakimu tupu utapotea.

Tarehe nazo husomwa kwa kufuata mpangilio wa nchi uliowekwa katika kompyuta. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang' yaliyakumba maeneo ya Katesh na Gendabi na kuua watu zaidi ya 80. Tarehe hiyo, ikiandikwa 3/12/2023 na kufunguliwa katika kompyuta yenye mpangilio wa Marekani, husomwa kuwa tarehe 12 Machi. Katika data za maafa, za mvua au za magonjwa, kosa la namna hiyo huliondoa tukio katika msimu wake.

5.0 Mipaka Inapohama

Ufunguo unaweza kuwa sahihi kitahajia na bado usiwe wa mahali palepale. Wilaya ya Babati iliundwa mwaka 1985 kwa kumegwa kutoka Hanang'. Kwa hiyo Hanang' ya sensa ya mwaka 1978 si Hanang' ya sensa ya mwaka 1988, ingawa jina ni lilelile. Mwaka 2002 mkoa wa Manyara ulianzishwa kutoka mkoa wa Arusha. Msimbo wa mkoa uliokuwa 02 kwa eneo hili ukawa 21.

Msimbo 02 una tatizo lake la ziada. Lahajedwali ikifungua faili ya matini hulichukulia 02 kuwa namba na kuiondoa sifuri ya mwanzo. Jedwali moja linabaki na 02, jingine na 2, na mawili hayo hayaoani. Utafiti wowote wa muda mrefu kuhusu Getanuwas, uwe wa idadi ya watu, wa elimu au wa matumizi ya lugha, unalazimika kuvuka mipaka hii. Jedwali lisiloonesha mwaka wa mpaka linaloutumia linaficha dhana muhimu kuliko takwimu zenyewe.

6.0 Suala la Istilahi

Kiswahili kimepiga hatua katika uwanja huu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili chini ya jina la Jambo OpenOffice. Istilahi kama lahajedwali, hifadhidata, faili na toleo sasa zinaeleweka. Upungufu uko katika vitenzi, na vitenzi ndivyo vinavyobeba tofauti zilizojadiliwa hapo juu.

Maneno matatu yanahitaji kutenganishwa. Kunakili data ni kuchukua thamani zilivyo wakati huo. Chanzo kikibadilika nakala haibadiliki. Kuingiza data ni kuzileta kwa utaratibu maalumu, pamoja na kuamua msimbo wa herufi na aina ya kila safu. Kuunganisha ni kuweka uhusiano unaodumu, ambapo lahajedwali inaweza kurudi kwenye chanzo na kusoma upya. Katika mazungumzo ya ofisini kitenzi "kuingiza" hubeba maana zote tatu, na ripoti inayosema kwamba "data zimeingizwa" haimwambii msomaji kama takwimu zitaendelea kufuata chanzo au la.

Hali kadhalika, inafaa kutofautisha kuhuisha na kusasisha. Kuhuisha kunaweza kutumika kwa tendo la kusoma chanzo upya bila kubadili programu. Kusasisha kukabaki kwa tendo la kuleta toleo jipya la programu au la faili. Mtumiaji anayeambiwa "sasisha" anaweza kubadili toleo la programu, na kwa kufanya hivyo akavunja muungano aliotakiwa kuuhuisha tu.

7.0 Je, Jina Libadilishwe?

Njia nne za utatuzi zinaweza kupendekezwa. Ya kwanza ni kuyasanifisha majina yote kwa tahajia ya Kiswahili: Getanuwasi, Endasaki, Kateshi. Hoja yake ni urahisi. Udhaifu wake ni kwamba Kiswahili hakina herufi za kutosha kutunza tofauti za lugha za eneo hili, na kwamba jina hubadilishwa na asiye mwenyewe. Wadatooga wana uzoefu na jambo hilo: jina Wamang'ati, ambalo kwa muda mrefu liliandikwa katika nyaraka, linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya adui.

Ya pili ni kuzitii programu. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni ilibadili majina kadhaa, mathalani MARCH1 kuwa MARCHF1, kwa sababu Excel iliyageuza kuwa tarehe. Mwaka 2023 Microsoft iliongeza uwezo wa kuzima ugeuzaji huo. Wanasayansi walikuwa na kamati yenye mamlaka juu ya majina yao, na majina yenyewe yalikuwa yao. Jina la kata si la karani wala la mtengenezaji wa programu. Aidha, mfano huo unaonesha kwamba programu hubadilika ndani ya miaka michache, wakati jina lililokwisha kubadilishwa halirudi.

Ya tatu ni kuiachia mashine ikisie. Matoleo mapya ya Power Query yana ulinganishi wa kufanana, ambao kizingiti chake cha kuanzia ni 0.8. Njia hii inasaidia kuyatafuta majina yenye mashaka. Haifai kutoa uamuzi wa mwisho, hasa katika wilaya yenye Basotu na Basodesh, Endasak na Endasiwold, majina yanayokaribiana kwa herufi na kutofautiana kwa mahali. Kizingiti kikishushwa ili kumpokea Gitanuwas, mlango unafunguliwa kwa wengine wasiohusika.

Ya nne, ambayo ndiyo inayopendekezwa hapa, ni kugawa kazi. Mashine ipewe msimbo na binadamu abaki na jina. Msimbo upo tayari: sensa ina misimbo yake, DHIS2 ina vitambulisho vyake, na mfumo wa postikodi wa Tanzania unaipa kila kata tarakimu tano, ambapo ya kwanza huonesha kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya na mbili za mwisho kata. Kati ya msimbo na jina liwepo jedwali la lahaja za tahajia, lenye safu za wima nne: msimbo uliohifadhiwa kama matini, jina rasmi, kila tahajia iliyokutwa, na chanzo pamoja na mwaka ilipokutwa. Getanuwasi ikijitokeza katika rejesta haitafutwa wala kusahihishwa katika chanzo. Itaongezwa katika jedwali hilo na kuelekezwa kwenye msimbo wake. Kabla ya muungano wowote, orodha ya majina yasiyooana itolewe na kusomwa na mtu anayeijua wilaya.

Jedwali la namna hiyo halitegemei toleo. Linaweza kusomwa na Excel 97, na LibreOffice, na programu zitakazokuja. Kwa mwanaisimu lina faida ya pili: ni kumbukumbu ya jinsi majina ya Kidatooga na ya Kiiraqw yanavyosikiwa na kuandikwa na waandishi wa Kiswahili kwa vipindi tofauti. Kile ambacho mchakata takwimu anakiita uchafu wa data ni ushahidi wa fonolojia ya mkopo.

8.0 Hitimisho

Uzito wa maandishi ya kiutawala si jambo geni kwa Hanang'. Katika kesi ya ardhi kati ya NAFCO na Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw, Mahakama ya Rufani mwaka 1985 ilitengua uamuzi wa awali uliowapa wanakijiji ushindi. Miongoni mwa mambo yaliyoamuliwa ni kwamba wanakijiji hawakuwa wamethibitisha hadhi yao mbele ya sheria. Kuishi mahali ni jambo moja, na kuonekana mahali hapo katika karatasi ni jambo jingine. Lahajedwali ndiyo karatasi ya leo.

Makala yameonesha kwamba matoleo ya programu yanatofautiana katika kulinganisha irabu, herufi na alama, na kwamba tofauti hizo huwaangukia zaidi wenye majina yasiyofuata muundo wa silabi za Kiswahili. Kata yenye jina la Kibantu lenye silabi wazi hupita matoleo yote bila kujulikana. Getanuwas haipiti hivyo. Idara za Kiswahili na za isimu zina wajibu wa kushiriki katika utayarishaji wa majedwali ya tahajia kwa wilaya zenye lugha nyingi, zikianzia na Hanang' na Mbulu. Kazi hiyo ni ya mwanafunzi mmoja wa uzamili kwa kila wilaya, daftari la kata, rejesta za miaka iliyopita, na wazee wa kumsomea majina kwa sauti.